Kasuku aliyetoka kwa mtu mwingine: namna ya kuanza naye maisha hapa Dar

Huu mwongozo ni kwa yule ambaye kasuku amemfikia akiwa mkubwa tayari. Labda jirani kahama, labda mzee aliyekuwa naye kafariki na familia haina wa kumwangalia, labda mtu karudi kwao na hakuweza kusafiri naye. Hawa ndege wanahama mikono sana kwasababu wanaishi muda mrefu, kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri anafika miaka 40 hata 60, kokatieli (kasuku mdogo mwenye kishungi) 15 mpaka 20, lavubadi (wale kasuku wadogo kabisa) ni wa miaka 10 hadi 15 hivi. Kwahiyo huyo unayempokea sio mtupu, ana mtu aliyemzoea, ana sauti za nyumba fulani kichwani, na kwa upande wake kapotea njia tu, hajui kwanini kila kitu kimebadilika siku moja. Ukishika hilo mengine yote yanaeleweka. Kazi yako ni kuiweka nyumba sawa, mwendo wa kuzoeana anapanga yeye.

Hatua ya kwanza: kabla hujambeba, uliza na uone karatasi

Kaa na aliyekuwa naye, au mtu wa hiyo familia, na uliza maswali mpaka wachoke. Anakula nini kila siku (sio anapenda nini, anakula nini), analala saa ngapi, anafunikwa au hafunikwi, anaogopa nini, anaitwaje, anajua maneno gani na yanamaanisha nini kwake, mkono upi alizoea kupanda, alishawahi kuumwa. Kuna kasuku anaogopa kofia, mwingine fagio, mwingine hataki kabisa mwanaume mwenye ndevu, na haya yote bora uyajue siku hiyo kuliko uyagundue kwa kung'atwa. Omba uchukue tundu lake la zamani na vibanzi vyake vya kusimamia hata kama ni vichakavu, tundu jipya litasubiri.

Alafu suala la kibali. Usilipite. Kasuku wa kijivu yuko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, toka Januari 2017, maana yake biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imefungwa, na hapa nyumbani tuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, huwezi kukaa na mnyamapori bila nyaraka. Hata lavubadi wa Fischer, yule wa kijani mwenye uso wa chungwa na mdomo mwekundu, asili yake ni hukuhuku kwetu, upande wa Serengeti na kusini mwa Ziwa Victoria, kwahiyo usidhani udogo wake unamtoa kwenye sheria. Nenda TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, uulize kabla ya kumpokea, uhamishe jina kama kuna kibali. Na mtu akija na kasuku ndani ya mfuko wa sandarusi anakwambia nimemtoa shamba, mkatalie, hapo hujaokoa ndege, umelipia wa pili akakamatwe.

Kumsafirisha chukua teksi au bajaji, weka tundu dogo, lifunike kanga upande tatu aone mbele kidogo, nenda asubuhi kabla jua halijawaka. Bodaboda hapana.

Hatua ya pili: hewa

Hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo panapoua ndege wengi majumbani na mwenye nyumba anabaki anashangaa. Mapafu ya ndege hayafanyi kazi kama yetu, ana vifuko vya hewa vimesambaa mwilini na hewa inapita mfululizo, inampa nguvu ya kuruka ila inamaanisha pia sumu yoyote iliyo hewani inamfika haraka na nyingi kuliko wewe uliyekaa naye chumba kimoja.

Adui namba moja ni zile kikaango za nonstiki. Ule utando mweusi ukipata moto kupita kiasi, mfano umesahau kikaango kitupu kwenye gesi, unatoa moshi ambao wewe unaweza usiusikie hata harufu na kasuku anakufa ndani ya dakika chache. Haina dawa. Baadhi ya eafraya na pasi zina utando huohuo. Mimi msimamo wangu ni kwamba nyumba yenye kasuku ipike na masufuria ya kawaida, aluminiamu au stenlesi au chungu, vikaango hivyo vigawe. Kusema nitaangalia moto usizidi sio mpango, siku moja utapigiwa simu utatoka nje.

Namba mbili jiko la mkaa. Mkaa unaishia nje, na sio kibarazani chini ya dirisha lake. Jenereta pia, umeme ukikatika angalia moshi unaelekea wapi kabla hujawasha. Alafu udi na ubani, najua nyumba nyingi za Dar Ijumaa bila chetezo haijakamilika, na hakuna anayekwambia uache, ila mhamishe ndege chumba cha mbali, funga mlango, fukiza, fungua madirisha, subiri harufu iishe ndo umrudishe. Dawa ya mbu ya kuchoma ile ya mviringo na za kupuliza ondoa moja kwa moja kwenye chumba chake, tumia neti za dirisha, na tundu lenyewe unaweza kulivika chandarua usiku ambacho hakijawekwa dawa, mradi asikifikie kwa mdomo. Marashi ya kupuliza chumbani, mishumaa ya harufu, sigara, rangi mbichi, jiki, vyote kundi moja. Mafundi wakija kupaka rangi, ndege anaenda kwa shangazi mpaka harufu iishe.

Hatua ya tatu: tundu na pa kuliweka

Kama unachongesha kwa fundi wa kuchomelea, mwambie mapema hutaki waya wa mabati, ule wa kung'aa wa mabanda ya kuku, una zinki na kasuku anatafuna nondo siku nzima, inaingia mwilini inamtia sumu. Rangi ya zamani nayo inaweza kuwa na madini ya risasi. Stenlesi ndo bora japo bei yake imesimama. Kwa kasuku wa kijivu usiende chini ya sentimita 60 kwa 60 na kimo 90, na upana una maana kuliko urefu kwasababu ndege anaruka kwa pembeni hapandi kama lifti. Nafasi kati ya nondo sentimita 2 mpaka 2.5, kwa lavubadi na wadogo wenzake 1 hadi 1.3 asije akapitisha kichwa. Mlango uwe na kufuli au kulabu nzito maana hawa wanajifunza kufungua.

Vibanzi vya kusimamia kata mti wa mpera, unene tofauti tofauti, osha, anika juani. Mpera ni mgumu, magome yake anayabandua anafurahi. Usikate mnyaa, utomvu wake ni sumu, wala mparachichi.

Sehemu: kona ya sebule ambapo ana ukuta nyuma, kimo cha kifua chako, anawaona watu lakini sio njiani. Jikoni hapana kwa sababu nilizosema. Kibarazani muda wote hapana pia, na sababu kubwa hapa mjini ni kunguru. Hawa kunguru wa Dar waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wale takataka, wakavuka, sasa wanatawala mji mzima, na wakiona ndege mgeni kwenye tundu wanamzunguka, wanapiga kelele, wanamdonoa miguu kwenye nondo. Ukimtoa apate jua, na jua anahitaji sana hasa wa kijivu kwa ajili ya vitamini D, maana kioo cha dirisha kinazuia ule mwanga wenye faida, basi mtoe asubuhi kabla ya saa tatu, nusu ya tundu iwe kivulini, na wewe ukae hapohapo. Paka wa jirani nae usimsahau.

Joto la Januari mpaka Machi linamtesa. Ukiona kafungua mdomo anahema na mabawa kayaachia mbali na mwili, msogeze kwenye ubaridi, mpulizie maji ya kawaida kwa ile chupa ya kunyunyizia, sio ya barafu. Feni la mezani lisimpige moja kwa moja, AC hivohivo.

Hatua ya nne: siku za mwanzo, muache

Wengi hapa wanashindwa kujizuia. Ndege kafika, watoto wa nyumba nzima wako mbele ya tundu, jirani kaja na simu arekodi, mjomba anamwambia sema sema sema. Toeni watu. Wiki za kwanza hakuna wageni wa kasuku, waambie kwa upole kwamba bado mgeni, waje baadae. Mbadilishie maji, weka chakula, kaa pembeni unafanya mambo yako, ongea nae kwa sauti ya kawaida, mwambie unachofanya, usimkazie macho, ndege wanaogopa kitu kinachowakodolea macho kwasababu porini kinachokukodolea kinataka kukula.

Anaweza akakaa kimya kabisa, akala kidogo, akajikunja kona moja. Kawaida. Ila kutokula kabisa siku nzima sio kawaida, hapo piga simu kwa daktari wa mifugo.

Jifunze kumsoma. Manyoya yamebanwa mwilini na shingo ndefu, anaogopa. Mboni za macho zinapanuka na kusinyaa harakaharaka, damu imechemka, iwe furaha au hasira, usipeleke mkono. Anasaga mdomo taratibu jioni, katulia, anajiandaa kulala. Amesimama mguu mmoja manyoya yamelegea, hapo anajisikia nyumbani. Mkia unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi akiwa ametulia tu, hiyo ni shida ya kifua, usisubiri kesho.

Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii, dada wa kazi. Kama mnatoka saa kumi na mbili asubuhi kukimbizana na foleni na kurudi usiku, yule dada ndo anaishi na huyu ndege, sio wewe. Atamzoea yeye kwanza na usione wivu, badala yake kaa nae chini umfundishe kila kitu nilichoandika juu hasa habari ya vikaango na mkaa, muulize kama anaogopa ndege, na kama anaogopa kweli usimlazimishe kutia mkono ndani, weka vyombo vya kulia vinavyojazwa kwa nje.

Hatua ya tano: chakula

Kasuku wengi wanaobadilisha mikono hapa wamelishwa alizeti na karanga tu miaka yote, na alizeti ni mafuta, inamnyima vitamini A na kalisi. Sasa usije ukamtupia mboga siku ya kwanza ukaondoa alizeti, atakaa njaa na hataelewa. Mpe alivyozoea mwanzoni, alafu taratibu weka bakuli la pili asubuhi akiwa na njaa: karoti iliyokwaruzwa, boga, viazi vitamu vya njano, mchicha, matembele, pilipili hoho, papai na mbegu zake, embe, pera. Pilipili kali zenyewe anakula bila shida, ndege hausikii ule ukali. Atatupa chini. Endelea kuweka. Kinachosaidia kuliko vyote ni wewe kula kitu hichohicho mbele yake kwa kujionyesha, kasuku ni wa kundi, anaamini kinacholiwa na wenzake.

Kunde, choroko, maharage, chemsha mpaka ziive bila chumvi, maharage mabichi ni sumu kwake. Kisamvu kibichi pia usimpe. Wali kidogo, ugali kidogo, yai la kuchemsha mara mojamoja, sawa.

Marufuku kabisa: parachichi, kila sehemu yake, nyama ya tunda, kokwa na majani, linaua. Chokoleti, kahawa, chai ya rangi, pombe, vitunguu, vyakula vya chumvi kama krispi. Na karanga, hapa nisisitize, karanga zikikaa kwenye unyevu wa huu mji zinashika sumukuvu hata kama kwa macho unaona nzima, inaharibu ini lake polepole. Nunua chache, zilizokaangwa bila chumvi, muonjeshe kama zawadi tu, yenye doa au harufu ya uvundo tupa. Hata mbegu zake zihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, sio kwenye mfuko wazi jikoni.

Kalisi ipo karibu kuliko unavyofikiri. Nenda soko la samaki Feri uliza lile gamba jeupe jepesi la ndani ya dome, yule ndugu yake ngisi, au ukitembea ufukweni utalikuta limeletwa na maji. Loweka siku kadhaa unabadilisha maji chumvi itoke, chemsha, anika likauke, lifunge kwenye nondo. Maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa nayo yanafanya kazi.

Maji ya kunywa yachemshwe kama yako, badilisha asubuhi na jioni, kwa joto letu yanachacha haraka hasa akishatumbukiza papai. Chakula kibichi kisizidi masaa mawili kwenye bakuli, sisimizi watakuwa wameshafika.

Hatua ya sita: mkono wako

Usianze na mkono, anza na mbegu. Ile alizeti uliyoipunguza kwenye bakuli sasa ndo pesa yako. Mpe moja kupitia nondo, ondoka. Rudia kila unapopita. Akishaanza kukufuata upande wa nondo ukiingia, fungua mlango umpe mkononi. Baadae weka kijiti cha mpera mbele ya tumbo juu kidogo ya miguu, sema neno moja, panda, akipanda mpe mbegu, sekunde chache tu mwache ashuke. Kijiti kikizoeleka badili mkono. Kwa mwingine ni wiki mbili, kwa mwingine ni miezi, na aliyewahi kupigwa au kukamatwa kwa taulo anaweza kuchukua mwaka. Sio ukaidi.

Akikung'ata usipige kelele, usimpige, usimtikise, usimpulizie usoni. Mrudishe taratibu, jiulize ulikosa kuona ishara gani. Kelele yako kwake ni jibu zuri, ataitaka tena.

Kuongea msimlazimishe. Dr. Irene Pepperberg, mtafiti wa Marekani, alikuwa na kasuku wa kijivu anaitwa Alex, alianza nae 1977 na Alex akafariki 2007, alijua zaidi ya maneno 100 na rangi na maumbo, na njia iliyotumika ilikuwa watu wawili wanaongea wenyewe mbele yake, mmoja anauliza hii nini, mwingine anajibu anapewa kile kitu, ndege anaangalia anatamani kuingia kwenye maongezi. Ndani ya nyumba zetu hiyo ni rahisi, watu tunao. Angalieni tu mnachosema, wanashika haraka maneno yanayotoka na hisia, na honi za boda pia.

Hatua ya saba: usingizi

Anahitaji masaa 10 mpaka 12 ya giza na utulivu. Sisi tuko karibu na ikweta, jua letu linatoka na kuzama muda ule ule karibu mwaka mzima, kwahiyo mfunike kanga nyepesi saa moja jioni na mfunue asubuhi kukishakucha. Shida ni kwamba saa moja ndo TV inawaka sebuleni. Suluhisho ni tundu dogo la kulalia chumba kisicho na watu. Kokatieli wanashtuka gizani wanajipigapiga mpaka wanavunja manyoya, wao waachie kitaa kidogo cha chaji ambacho hakizimi umeme ukikatika. Kama jirani ni baa yenye spika nje, chumba cha upande wa pili wa nyumba.

Kelele zake zipo asubuhi na jioni, jua likitoka na likizama, ni mwito wa kundi, huwezi kuuzima. Wapangaji wa nyumba za kugawana ukuta muongee na majirani mapema.

Hatua ya nane: afya

Kasuku anaficha ugonjwa mpaka akishindwa, kwahiyo nunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu, mpime asubuhi kabla hajala, andika. Wa kijivu wengi wako gramu 400 na kitu mpaka 500. Akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake usisubiri dalili nyingine. Kinyesi angalia kila siku ukibadilisha gazeti chini.

Tafuta daktari sasa, kabla ya kuumwa. Wengi wamezoea ng'ombe, kuku na mbwa, uliza wazi kama amewahi kutibu kasuku. Vipimo viko TVLA, wakala wa maabara ya mifugo, pale Temeke, na SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro wana shule ya udaktari wa mifugo. Kama unafuga kuku, au jirani anafuga, mdondo unampata na kasuku, osha mikono na badili ndala kabla ya kumgusa, na ndege yeyote mpya akae chumba tofauti angalau mwezi.

Na wewe mwenyewe: kuna ugonjwa unaotoka kwa kasuku kwenda kwa binadamu kupitia vumbi la kinyesi kikavu, unakuja kama homa na kikohozi. Lowesha kabla ya kufagia. Ukipata homa na kipimo cha malaria hakina kitu, mwambie daktari una kasuku ndani. Mwenye pumu afikirie sana kabla ya kumchukua wa kijivu, anatoa unga mwingi kwenye manyoya.

Hatua ya tisa: kumtoa nje ya tundu, na akipotea

Kabla ya kufungua mlango zima panga boi. Kila mara, na mbandike karatasi kwenye swichi ili mwingine asiwashe. Sufuria la moto lisiwepo, ndoo za maji zifunikwe, choo kifungwe, madirisha yawe na neti za waya sio zile laini za plastiki anazichana dakika tano, vioo vikubwa funga pazia mpaka avijue.

Akitoroka usimkimbize. Angalia kaelekea wapi, chukua tundu lake liweke nje juu ya kitu, weka chakula anachopenda, muite kwa maneno aliyozoea, na mtu wake wa karibu ndo aite, kama ni dada basi dada. Wengi hawaendi mbali siku ya kwanza, wako juu ya mwembe hawajui namna ya kushuka. Sikiliza kunguru, wakikusanyika mti mmoja wanapiga kelele kwa hasira nenda hapo kwanza. Giza likiingia hajashuka, kariri mti, rudi saa kumi na mbili asubuhi kabla hajaanza kuruka. Peleka taarifa ofisi ya serikali ya mtaa, kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa, kwa walinzi na kwa vijana wa kijiwe cha boda, weka picha lakini namba ya pete yake ya mguuni usiiandike, anayesema kampata aisome yeye.